Fundi cherehani, sukari 6.3 na ugali wa pili unaounywa kwa mrija

Dada mmoja fundi cherehani kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Mimi nina miaka 41, ni fundi Kariakoo, naishi Kimara na mume na watoto watatu. Mwezi uliopita nilipima sukari asubuhi kabla sijala ikasoma 6.3, presha 138 kwa 88. Nesi akaniambia nipungue, basi, nipungue vipi hakusema. Nina kilo 84, urefu sentimita 160. Sasa kila mtu ana lake, jirani anasema niache ugali kabisa, shoga yangu kaniuzia chai ya kuyeyusha tumbo elfu thelathini na tano, mwingine ananiambia maji ya moto na limau. Jimu sina hela, muda sina, nakaa kwenye mashine saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku. Je niache ugali? Na nifanye mazoezi gani?" Alafu chini yake kaandika kila anachotia mdomoni kuanzia asubuhi mpaka analala. Hapo ndo nilipompenda, maana wengi wanaouliza huwa wanaandika "nakula kawaida tu" na hiyo kawaida hakuna anayeijua.

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mimi sio dokta, ni afisa lishe, dokta utamuona na nitakwambia lini. Pili tulia, hujaugua kisukari. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 na kuendelea, tena kwa vipimo viwili vya siku tofauti, hapo ndo inaitwa kisukari. Ya kwako 6.3 iko katikati, imeshatoka kwa wazima ila haijaingia kwa wagonjwa, kama mtu amesimama mlangoni mkono uko kwenye kitasa. Presha ni hivyo hivyo, mpaka wake ni 140 kwa 90 na wewe umebakiza pointi mbili kila upande. Mlangoni unaweza kurudi nyuma. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani, majibu yake yakatoka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni kama wewe, wale waliowekewa lengo la kupungua kama asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 ndani ya miaka kama mitatu, na waliopewa metformin, vidonge vya sukari, ikashuka asilimia 31. Yaani mguu na sahani vilishinda kidonge. Asilimia 7 ya kilo 84 ni kilo sita hivi. Hatuzungumzii kurudi kuwa na mwili wa siku ya send-off yako, tunazungumzia kilo sita.

Haya sasa twende kwenye ile orodha yako, maana swali la ugali jibu lake limo humo humo.

Umeandika: saa moja asubuhi chai ya rangi vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili. Saa nne soda baridi. Saa saba wali maharage kwa mama ntilie na glasi ya juisi. Saa kumi enaji kwa sababu usingizi unakuvamia na wateja wanataka nguo zao. Saa tatu usiku ugali, kisha chai tena vijiko vitatu, kulala. Mi nikachukua kalamu nikahesabu sukari ya kunywa tu, chakula nikakiweka pembeni. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Enaji ya mililita 300 inakaribia vijiko vinane. Juisi ya pale kwa mama, ambayo wameongeza sukari ili ikolee, tuseme sita. Chai zako mbili ni sita. Jumla 29, na hapo nimekuhesabia vijiko vya kufuta juu, vile vya mlima wa kichuguu sijakuhesabia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke kama vijiko 12 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye sita. Wewe uko 29 na hujala keki.

Vijiko 29 ni karibu gramu 116, na hizo ni kalori kama 460. Unga wa ugali wa kikombe kimoja cha chai una kalori karibu na hizo hizo. Kwa hiyo mdogo wangu wewe kila siku unakula ugali wako wa usiku unaouona, alafu kuna ugali wa pili unaunywa kwa mrija na wala haukushibishi, maana kitu cha kunywa kikishuka tumbo halikiandiki kwenye daftari la shibe, unakuwa na njaa ile ile. Jirani kakwambia uache ugali wa kwanza, mi nakwambia uache huo wa pili. Ugali wa watu haujakukosea kitu.

Sasa usikurupuke ukakata vyote Jumatatu, utashikwa na kichwa na hasira utawachoma wateja na pasi. Wiki ya kwanza toa enaji na soda tu, hapo umeshapunguza vijiko 17. Beba maji ya lita moja na nusu kutoka nyumbani, weka pale pembeni ya mashine, na kama unataka baridi ganda nusu chupa usiku, itayeyuka taratibu mpaka saa saba. Juisi badilisha na tunda lenyewe: glasi moja ya juisi ya machungwa inaingia machungwa matatu au manne, nani anakaa chini anakula machungwa manne kwa mpigo? Ila moja utakula, na nyuzi zake zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Chai ndo ya mwisho, vitatu viwe viwili na nusu, wiki ijayo viwili, mpaka ufike kimoja au usiweke kabisa, na ili ulimi usinune tia tangawizi, hiliki, mdalasini au mchaichai, sisi watu wa pwani viungo tunavyo vya kutosha. Mi mwenyewe nilikuwa nafundisha watu mambo haya huku mezani kwangu nina chai ya vijiko vinne, niliacha kwa miezi miwili na sasa nikipewa chai ya msibani ile iliyokolea naona kama nakunywa asali. Ulimi unafundishika, ni kama mwanafunzi wako wa cherehani, siku za kwanza anashona njia za panya, baadaye anakaa sawa.

Na huo usingizi wa saa kumi tuuangalie, kwa sababu enaji unainywea huo. Sahani ya wali iliyojaa, umekaa tangu asubuhi, halafu umesema unalala saa sita unaamka saa kumi na moja. Hapo hata ungekunywa enaji mbili zisingekusaidia. Ukila nusu ya ule wali na ukatembea dakika kumi baada ya kula, usingizi utapungua wenyewe, na kingine ni kwamba misuli ya miguu ikifanya kazi baada ya chakula inavuta sukari kutoka kwenye damu, kwa hiyo hizo dakika kumi zina faida kuliko ungetembea ukiwa na njaa. Zunguka tu mitaa ya Kariakoo uangalie vitambaa, bei unazijua, ila pochi acha dukani.

Kuhusu chapati sitakusumbua sana. Moja na yai la kuchemsha ni bora kuliko mbili na chai tupu. Siku nyingine mihogo ya kuchemsha au kiazi kitamu, siku nyingine uji wa ulezi, ila uji wenyewe usiugeuze pipi.

Ugali sasa. Lugha yetu hii ina kitu kimoja kinatuponza: sisi mboga ni chochote kinachoshushia ugali, nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga. Kwa hiyo afisa lishe akisema "ongeza mboga" mtu anaenda nyumbani anaongeza nyama robo kilo na roho yake safi, ametii. Mi nikisema mboga hapa namaanisha majani: mchicha, tembele, kisamvu, majani ya maboga, mnafu, na wenzake bamia, nyanya chungu, bilinganya. Kwenye sahani yako nusu nzima iwe hayo. Robo iwe ugali au wali, na robo iliyobaki iwe maharage, samaki, dagaa, yai au nyama. Kipimo cha mkono wako: ugali ngumi moja, samaki au nyama kiganja bila vidole, majani ujaze viganja vyote viwili. Ngumi ikishindikana mwezi wa kwanza anza na ngumi moja na nusu, nani atakukamata.

Ila kuna jambo nimelihisi kwenye ujumbe wako, umesema mume anapenda ugali wa kushiba na mnakula sinia moja. Kwenye sinia hakuna kipimo, hapo mkono unafuata mkono wa jirani, na watoto wakiwa na kasi na wewe unaongeza kasi. Usipike vyungu viwili, utachoka na nyumba itaanza kuuliza maswali. Pika kile kile, pakua chako kwenye sahani kwanza kabla sinia haijatoka jikoni, alafu ukae nao mkeka ule ule mle wote. Kama mama mkwe yupo na ataona unajitenga, mwambie umepimwa, nesi kasema. Wazee wetu wengi akitajwa nesi wanakubali.

Dona au sembe? Dona ina nyuzi zaidi na vitamini zaidi kwa sababu haijakobolewa, inashibisha mapema, mi nyumbani nakula dona. Lakini kalori zake ni karibu sawa na sembe, mlima wa dona ni mlima. Na mahindi ya dona lazima yawe masafi kweli kweli kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, hatujasahau 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye hiyo sumu. Ukinunua mahindi ukayapeleka mashineni, mwaga kwenye ungo uchambue, yaliyooza, yenye rangi ya kijani au nyeusi, yaliyotobolewa na wadudu, toa, na hayo uliyotoa usiwape kuku maana yatakurudia kwenye yai. Kama huna muda wa kuchambua kula sembe yako kwa amani, ngumi moja.

Jikoni sasa, hapa ndo penye raha na ndo penye mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, na sisi hatupimi kwa kijiko, tunamimina "mpaka kitunguu kiogelee". Nyie ni watu watano. Fanya hivi kifundi: chukua uzi wako mwekundu, funga kwenye chupa ya mafuta ya lita moja pale yalipofika leo, andika tarehe. Angalia inaisha baada ya siku ngapi. Kama lita inaisha siku nne au tano mnakunywa mafuta. Lenga ifike siku kumi. Hutahitaji kuhesabu kalori hata moja, uzi utakwambia. Na chumvi hivyo hivyo, kwa ajili ya hiyo presha yako: mtu mmoja asizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, gramu 5, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo kwa watu watano ikiisha kabla ya siku 20 mjue mmepitiliza, na hapo bado chumvi ya mkate na ya vile vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo ukivionja peke yake utajua vimetengenezwa na nini. Koleza na ndimu, kitunguu saumu, pilipili, tangawizi, mchuzi hautajua.

Maharage: loweka kilo nzima Jumamosi usiku, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, chemsha. Kuloweka kunapunguza muda kwenye gesi na kunapunguza ule upepo tumboni ambao wateja hawapaswi kuusikia. Yachemke kweli, yaive, usiyaache nusu mbichi, maharage hasa yale mekundu yasipoiva yanaumiza tumbo vibaya. Magadi acha, yanalainisha haraka ndio, ila yanaua vitamini B1 na yanakuongezea sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi, na presha yako haitaki hiyo. Yakiiva gawa kwenye vikopo, vya siku mbili friji ya chini, vilivyobaki weka juu vigande. Kama huna friji, chemsha ya siku moja tu, na ukipasha kiporo kichemke mpaka kitokote. Wali wa jana ulioshinda nje kwenye joto la Dar usiuchezee, ukishapoa weka kwenye friji mapema au usiupike mwingi.

Mchicha watu wanauonea sana. Wanakata kwanza, wanaosha baada ya kukata, vitamini zinaondoka na maji kwenye beseni, alafu wanachemsha nusu saa mpaka unakuwa na rangi ya nguo ya jeshi. Osha ungali mzima, kata, kaanga kitunguu na nyanya na kijiko kimoja cha mafuta, tia mchicha, funika dakika tatu au nne, zima. Ukitaka tia karanga za kusaga vijiko viwili au tui kidogo, mafuta kidogo yanasaidia mwili kuchukua vitamini A ya kwenye majani. Ukikuna nazi pikia tui jepesi la pili, tui zito tia kidogo mwishoni kwa harufu, mchuzi utanukia nazi ile ile na mafuta yatapungua. Kamulia ndimu juu wakati wa kula, inasaidia madini ya chuma kuingia, na chai subiri angalau saa moja baada ya kula kwa sababu inayazuia. Kisamvu peke yake ndo hakina haraka, kile kitwange na ukichemshe muda mrefu, kibichi kina sumu.

Samaki wa kukaanga wa pale stendi, yule aliyezama kwenye mafuta meusi yaliyoona samaki wa wiki nzima, mpunguze. Ukipata mtu anayeenda soko la samaki la Feri asubuhi muagize vibua, ni rahisi kwa bei na wana yale mafuta mazuri ya moyo ambayo watu wanayanunua kwenye vidonge vya gharama. Pika chukuchuku: vibua, nyanya mbili, kitunguu, bilinganya moja, ndimu, pilipili mbichi, maji kidogo, dakika kumi na tano, mafuta hakuna. Mi nikipika hiyo nyumba nzima inanuka samaki na majirani wanapita kusalimia, sijui kwa nini wanachagua siku hiyo. Dagaa pia, chambua, osha kwa maji ya moto, kaanga kwa kijiko kimoja na nyanya nyingi.

Kwa mama ntilie mchana ongea mapema kabla hajaweka mwiko: "Mama leo wali kidogo, maharage yazidi, na majani mengi." Hela ile ile. Hakuna mama ntilie aliyewahi kukataa kubakiza wali wake. Chipsi mayai zile za Ijumaa sikunyimi, ila zege moja mgawane wawili na kachumbari ijae, na iwe Ijumaa kweli, isiwe "Ijumaa" ya Jumanne. Na kwenye sherehe, maana najua fundi unaalikwa kila wiki na msimu wa sare ndo chakula chako cha usiku ni pilau la watu, kula pilau lako sahani moja, kachumbari nyingi, soda mpe mtoto wa mwenzako au omba maji. Siku moja haijawahi kumnenepesha mtu.

Ile chai ya elfu thelathini na tano sasa. Sitaki ugomvi na shoga yako. Chai nyingi za namna hiyo duniani zimewekwa sanamaki, yale yale majani bibi zetu walikuwa wanatunywesha tukikosa choo. Unaharisha, maji yanatoka, mzani unashuka kilo mbili, unafurahi, ukinywa maji zinarudi. Mafuta ya tumbo yako pale pale yanakuangalia. Ukiinywa muda mrefu unapoteza madini ya potasiamu na utumbo unazoea kusukumwa. Kama umeshailipia, basi ni somo. Na limau na maji ya moto ni kinywaji kizuri tu, kinywe ukipenda, mafuta hakiyeyushi, ila kikichukua nafasi ya chai ya vijiko vitatu kitakuwa kimekusaidia kwa mlango wa nyuma. Wale wa kukata wanga wote na kula mafuta matupu, siwataji, watu wanapungua kweli miezi ya mwanzo, ila nionyeshe mama wa watoto watatu Kimara anayeweza kuishi hivyo mwaka mzima na bajeti yake.

Mazoezi. Umesema unapanda mwendokasi Kimara mpaka Gerezani. Asubuhi shuka kituo cha Fire, usiende mpaka mwisho, tembea na barabara ya Msimbazi mpaka dukani, ni dakika kama ishirini kwa mtu anayetembea mwendo wa kuchelewa kazini. Jioni rudi kwa njia hiyo hiyo upandie Fire. Najua utaniambia Fire jioni gari linafika limejaa, ni kweli, linajaa, ila hata Gerezani hujawahi kukaa siti, umesimama tu, sasa si bora umalize kutembea kwanza. Siku ambazo mvua imenyesha, Jangwani imejaa maji na mabasi hayapiti, utatembea bila hata kuambiwa na mimi. Dakika 40 kwa siku mara siku sita ni 240, wakati kinachotakiwa ni kuanzia 150 kwa wiki. Umeshavuka na hujalipa jimu shilingi. Mwendo wenyewe uwe ule ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini kuimba huwezi. Vaa raba, viatu vya dukani weka kwenye mfuko. Kama jioni giza limeingia na njia ina watu wabaya, tembea na mafundi wenzako, msiwe na simu mkononi.

Kukaa kwenye mashine saa kumi na moja mfululizo hiyo nayo tuikate vipande. Kila ukimaliza nguo moja simama. Ukienda kupasi, pandisha na ushushe visigino mara ishirini. Kile kigoda chako kitumie: kaa, simama bila kushika meza, kaa, simama, mara kumi, pumzika, mara kumi tena, siku mbili au tatu kwa wiki, na ukutani piga pushapu za kusimama mara kumi. Mapaja yana misuli mikubwa sana na ndo ghala la sukari, ukiyaamsha yanabeba mzigo. Wiki ya kwanza utapanda ngazi kwa kulia, wiki ya tatu utasahau. Jumamosi asubuhi huko mitaani kuna vikundi vya jogingi vimejaa, wanaimba na fulana zao, mwenye moyo wa kukimbia aende, wewe mwenye kilo 84 anza na kutembea nao nyuma, magoti yatakushukuru.

Kwa dokta utaenda lini: rudia sukari kabla ya kula baada ya miezi mitatu, na uombe kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, wanakiita HbA1c. Presha pima angalau mara mbili kwa siku tofauti, umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, hujatoka kukimbilia mwendokasi. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, nenda. Na ukiona kiu isiyoisha, kukojoa usiku mara kwa mara, unapungua bila kujitahidi au macho yana ukungu, usisubiri hiyo miezi mitatu, nenda kesho.

Kitu cha mwisho ni cha leo leo. Futi iko shingoni mwako kutwa nzima, umepima viuno vya nusu ya Dar es Salaam, na kwenye ujumbe wako umenipa uzito, urefu, sukari, presha, kiuno hukuniandikia. Kiuno kinasema zaidi ya mzani kwa sababu mafuta mabaya ni yale ya ndani ya tumbo, yaliyozunguka ini. Kipimo rahisi ni kwamba kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako, wewe urefu 160 kwa hiyo kiwe chini ya 80. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani kama wateja wako wanavyofanya ukiwapima gauni la kitchen party, zungusha futi katikati ya mbavu ya mwisho na nyonga, kesho asubuhi kabla ya chai. Fungua daftari la vipimo vya wateja, ukurasa mpya, andika jina lako juu, tarehe, kiuno. Mteja huyo atarudi kupimwa baada ya wiki nane, na usimpunguzie sentimita hata moja kwa sababu unamjua.